Nani Akae Langoni Kwelusanga

Siku Chipukizi ilipofungwa mabao matatu kwa moja kule Kwabuha, mashabiki wake hawakumtukana refa wala hawakurusha hata jiwe. Walirudi Kwelusanga kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu ya kupanda, kila mtu akiangalia visigino vya aliye mbele yake. Dorothea alikuwa katikati ya msururu, ngoma ya timu imening'inia begani, na kimya kile kilimtia hofu kuliko matusi. Kwa miaka ishirini na miwili aliyochuma chai katika shamba lile alikuwa amejifunza kwamba watu wa kambi wakinyamaza kwa pamoja, wameshapata wa kumlaumu.

Hakuwa mwenyeji wa upande ule. Kwao ni Mlalo, Usambara ya magharibi, kwenye Walutheri na mashamba ya kabichi. Alikuja huku mashariki baada ya kufiwa na mume, binti yake Beatha akiwa mgongoni. Sasa Beatha ameolewa Tanga, na Dorothea amebaki na kwaya Jumapili na Chipukizi Jumamosi. Sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo uwanjani. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Beatha, na kocha Yeremia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakupanga kikosi kabla ya kupita kwenye banda la mizani kusikia wachumaji wanasemaje, na yeye hasa.

Mabao yale matatu yote yalitoka kushoto. La kwanza krosi, la pili kona. La tatu ndilo lililowaua. Ulikuwa mpira wa taratibu, uliopigwa na beki aliyetaka tu kuuondoa miguuni mwake. Ukadunda mara mbili, ukampita kipa Nassoro hatua moja kutoka mkono wa kushoto. Nassoro hakuruka. Alisimama vilevile, mikono mbele, kama mtu anayesubiri kupokezwa kitu, mpaka aliposikia kelele za watu wa Kwabuha.

Katika wote waliopanda mlima jioni ile, Dorothea peke yake ndiye aliyejua kwa nini.

Nassoro alitoka Kondoa miaka kumi na miwili nyuma, akaja kuchuma chai kama wengine wengi waliokuja kutoka Singida, Njombe na Kigoma. Alikuwa mrefu kupita mlango wa nyumba aliyopewa. Msimu wa pili wakamweka langoni, na alipokwisha kuwa kipa wa kwanza, wakamtoa shambani na kumpa ulinzi wa geti la kiwanda. Ndivyo ilivyokuwa Kwelusanga tangu zamani. Kipa wa kwanza hakubeba kikapu. Alikaa getini amekunja miguu, akafungua na kufunga, ili Jumamosi awe na magoti mazima. Na mlinzi wa geti alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ile iliyopakana ukuta na ya Dorothea. Humo Nassoro alimwoa Rahma, humo wakazaliwa watoto watatu. Kila alfajiri alimwamkia Dorothea kupitia ukutani, naye akaitika akiwa bado anafunga kilemba.

Mwezi wa nne Nassoro alimwomba amsindikize Muheza kwa daktari wa macho, kwa sababu Rahma alikuwa amejifungua juzi yake tu. Daktari alimpima kwa mashine, akamwashia taa machoni, akawakalisha wote wawili. Alisema ugonjwa unaitwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia linaliwa kutoka pembeni, na siku si nyingi atakuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Matone ya dawa yangelinda kilichobaki, kama Mungu akipenda, lakini kilichopotea hakirudi.

Walipokuwa wamekaa nje wakisubiri dawa, Nassoro alimwomba aape. Alisema akitoka langoni atatolewa getini, na akitolewa getini hana nyumba. Kwao Kondoa alikuwa ameanza kujenga, kuta zimesimama, bado kuezeka. "Nipe mpaka Desemba tu, dada," alimwambia. "Nikishaezeka, nitawaaga mwenyewe." Dorothea akaapa kwa jina la Mungu, na tangu siku ile hakumwambia mtu, hata Beatha kwenye simu.

Mechi ya marudiano na Kwabuha, nusu fainali ya Kombe la Mashamba, ilikuwa ichezwe Kwelusanga baada ya wiki mbili. Jumatatu asubuhi, vikapu vya kwanza vilipofika kwenye mizani, ubishi ukaanza.

Aliyeuanzisha alikuwa Loveness, mchumaji kutoka Njombe mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Alitaka Elinuru aanze. Elinuru alikuwa kipa wa akiba, kijana wa miaka ishirini, Msambaa wa hapohapo, mtoto wa mama anayelima iliki chini ya msitu. Loveness alisema kijana anachukua krosi kama anayechukua kofia yake kwenye msumari, na akipiga mpira unavuka nusu ya uwanja. Wengine wakamcheka. Walimkumbusha kwamba mwaka jana kijana huyohuyo aliingizwa dakika kumi dhidi ya timu ya sekondari, akatoka langoni kama anayekimbilia basi, wakafungwa. Tena akigongana na mshambuliaji anamwomba radhi. Mzee mmoja wa kupalilia akasimulia upya zile penalti nne alizodaka Nassoro siku moja, mwaka ambao maji yalichukua daraja. Mwingine akatoa wazo kwamba Nassoro aanze na Elinuru aingie kipindi cha pili, akaambiwa kipa si shati la kubadilisha saa sita.

Dorothea alimtetea Nassoro. Alisema uzoefu haununuliwi, alisema bao la tatu lilidunda kwenye kichuguu, alisema Kwabuha wanamwogopa kwa jina tu. Lakini alijua kwamba kama Nassoro atasimama langoni siku ya marudiano, Chipukizi imekwisha. Alipenda timu ile kuliko alivyoweza kumweleza mchungaji wake. Na hapo alikuwa akiisukuma ifungwe, kwa ajili ya nyumba ya watu watano.

Ubishi ungeishia hapo, kwa kicheko na karani kuwafukuza warudi mistarini, lau si Kristian. Huyu alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu mzima, asiye na maneno mengi, na kwa hiyo alipozungumza alisikilizwa. Alisema Ijumaa ya kuamkia mechi alimwona Nassoro kituo cha magari. Kondakta mmoja, mkaazi wa Kwabuha, alimpa mfuko mdogo wa karatasi, na Nassoro aliuficha haraka ndani ya koti. Kristian hakusema zaidi ya hayo, wala hakuhitaji.

Jumatano kambi nzima ilikuwa inajua kwamba Nassoro ameuza mechi. Ubishi wa nani akae langoni ukageuka ukawa ubishi wa alipewa nini. Nassoro mwenyewe alikaa getini, akafungua na kufunga, na wenzake wakapita bila kumsalimia. Hakujitetea. Alhamisi mchana Dorothea alikwenda bombani kuteka maji, akamkuta Rahma na ndoo mbili na mtoto mgongoni, amesimama mwisho kabisa wa foleni. Kila mwanamke aliyefika baada yake alipita mbele yake akaweka ndoo. Rahma hakugombana na mtu. Alikuwa anatazama tu maji yanavyomwagika. Dorothea akamchukulia ndoo zake, akazisukuma mbele, akawaambia wenzake waone haya. Loveness akamjibu, bila hasira, kwamba waone haya wao kwa lipi, wao hawajauza kitu.

Mfuko ule ulikuwa wa matone. Kondakta alikuwa akimnunulia Nassoro dawa Muheza kila mwezi.

Ijumaa, baada ya mizani ya mwisho, kocha Yeremia aliitisha mkutano wa mashabiki bandani. Nassoro alikuwa zamu getini. Elinuru alikuja, akasimama nyuma kabisa ya watu. Kocha alisema hakuja kuamua kesi, amekuja kusikia, kwa sababu hawezi kumpanga mtu ambaye mashabiki wake watamzomea. Wakazungumza mmoja baada ya mwingine. Mmoja akataka Nassoro aletwe aape msikitini. Mwingine akasema mtu aliyeuza nusu fainali atashindwaje kuuza majani ya kiwanda, na yeye ndiye mwenye funguo za geti. Kristian alikaa kwenye ukingo wa mizani, akasema yeye alichokiona amekisema.

Dorothea alisimama. Alikuwa na nia ya kusema kwamba anamfahamu Nassoro miaka kumi na miwili na hajawahi kumwona na kitu cha mtu, basi. Alilisema hilo, na mtu mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomfanya apite mpaka.

"Nassoro hajauza kitu," alisema. "Ule mfuko ulikuwa wa dawa. Nassoro haoni."

Alishaanza, hakuweza tena kukoma, akayamwaga yote. Jicho la kushoto, bomba, matone, Muheza, mabao matatu ya upande mmoja. Alipofika kwenye bao la mwisho, alivyosimama mikono mbele, Loveness alifunika uso kwa kanga. Kocha Yeremia alivua kofia. Kristian aliteremka kwenye mizani, akasema taratibu kwamba amemkosea mtu, na kwamba kesho atakwenda kumwomba msamaha mbele ya watoto wake. Hapakuwa na mtu aliyebishana tena. Elinuru ataanza, Nassoro ni ndugu yao, na yeyote atakayemnyooshea Rahma kidole atakiona.

Dorothea alirudi nyumbani amejaa furaha kama aliyefunga bao yeye. Alikuwa amevunja kiapo, alilijua hilo, lakini alijiambia kwamba Mungu anaona kilichokuwa moyoni.

Jua lilikuwa halijazama Nassoro alipotoka zamu. Hakuingia kwake. Alikuja akakaa kwenye kizingiti cha Dorothea, akanyoosha miguu yake mirefu, wala hakumwamkia.

"Umewaambia," alisema.

"Walikuwa wanakuita mwizi. Bombani Rahma wamemfanya kama mbwa."

"Najua. Rahma aliniambia, tukakubaliana avumilie. Kristian mwenyewe, mwaka juzi walimkuta na majani ya kiwanda ndani ya buti. Yuko wapi leo? Yuko palepale kwenye mashine. Wangeniita mwizi mwezi mmoja, dada, halafu wangechoka. Hili la macho hawatalisahau."

"Nilidhani nakusaidia, Nassoro."

"Najua ulidhani."

Akainuka. Mkono wake ulitafuta mwimo wa mlango kabla mguu haujasogea, na Dorothea akaona kwamba ndani ya miezi mitatu tangu Muheza hali ilikuwa imekwenda mbali zaidi ya alivyofikiri. Alfajiri iliyofuata hakusikia kitu kutoka upande wa pili wa ukuta, isipokuwa mtoto akilia na Rahma akimbembeleza kwa Kirangi cha Kondoa.

Chipukizi ilishinda marudiano mabao matatu kwa bila. Elinuru aliokoa mawili ambayo watu walikuwa wameshayahesabu. Uwanja wa Kwelusanga umechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili bonde, na siku ile watu walijipanga hadi juu ya ukuta. Nassoro alikuja. Alisimama nyuma ya goli la Elinuru vipindi vyote viwili, akisikiliza, akimwambia kijana maneno mafupi: toka, rudi, nenda nguzo ya pili. Dorothea aliimba mpaka sauti ikakatika. Hakuweza kujizuia. Filimbi ya mwisho ilipolia watu walimbeba Elinuru begani, na wengine, kwa wema, wakamkimbilia Nassoro, wakamshika mkono kumvusha uwanja kama mzee. Nassoro aliuvuta mkono wake. Wakaushika tena.

Jumatatu meneja alimwita ofisini.

Hakuwa mtu mbaya, hilo Dorothea alilisema hata baadaye. Alimweleza Nassoro kwamba amesikia habari na anampa pole, ila geti linataka mtu anayeona namba za magari, na hata Nassoro mwenyewe angekuwa meneja asingefanya vingine. Kwenye kuchuma hakuwezekani, maana mchumaji hachumi kwa mikono peke yake. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya kuni. Hatakata miti, atapanga tu magogo chini, na nyumba atabaki nayo. La sivyo, shamba litamlipa haki yake aende.

Nassoro alichagua kuni. Paa la Kondoa lilikuwa bado.

Dorothea aliposikia alivaa gauni la kanisani akaenda ofisini. Kikosi cha kuni kilikata mikaratusi kwenye miteremko ya juu ya mto, kwa ajili ya matanuri ya kukaushia chai. Wakatao walikuwa juu, magogo yakaviringishwa mpaka chini, na wapangaji walikuwa chini. Kila mtu alijua kazi ile ilivyo ya hatari, hata kwa wenye macho mawili. Alimwomba meneja ampeleke Nassoro kitaluni, akajaze udongo kwenye viriba vya miche, kazi anayoweza kuifanya amekaa. Meneja akasema kitaluni kumejaa, wamewekwa akina mama wenye maradhi ya kifua. Dorothea akaomba basi apewe hata miezi mitatu. Akaeleza kuwa jicho moja bado linaona, si kwamba haoni kabisa.

Meneja alifunga daftari. "Mama," alisema, "si wewe mwenyewe uliyesimama mbele ya watu ukasema haoni?"

Dorothea alishukuru, akatoka.

Akaamua kuwaendea mashabiki. Alimwandikisha kocha Yeremia barua nzuri, akaipitisha bandani siku tatu, ili wote waliomhurumia Nassoro waiwekee sahihi. Watu waliipokea kwa heshima. Wakasema ni kweli, si haki, mtu ameitumikia timu miaka kumi na moja. Kisha wakasema subiri kidogo, karani anatazama, au nina mkataba wa msimu tu, au tumalize fainali kwanza. Fainali ilikuwa imebaki wiki tatu na Elinuru alikuwa ameteguka kidole gumba mazoezini, na bandani sasa walibishana kama apumzishwe, au afungwe bandeji acheze, au beki mmoja mrefu ajaribiwe langoni. Walimwuliza Dorothea maoni yake. Barua ilipata sahihi mbili, ya kocha na ya Kristian. Loveness hakuweka sahihi. Alikuwa na watoto wanne na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Dorothea aliipeleka hivyohivyo. Haikujibiwa.

Nassoro alifanya kazi ya kuni siku kumi na sita. Wenzake walimpenda, maana alikuwa na nguvu na hakulalamika, na walikubaliana kwamba kila gogo likiachiwa mtu wa juu apige kelele. Alijifunza kusikiliza. Gogo la mkaratusi likiteremka lina mlio wake, linagonga visiki, linavunja vijiti, na Nassoro akasema mlio ule unamtosha kujua linapita wapi.

Siku ya kumi na saba ukungu ulikuwa umelala hadi saa nne. Dorothea alikuwa akichuma kwenye kilima cha ng'ambo, mto ukiwa katikati. Alisikia mtu akipiga kelele, "Gogo!" kama siku zote. Akasikia lile gogo likiteremka. Halafu sauti ileile ikaita tena, safari hii haikuita gogo, iliita jina la mtu, na baada yake hakusikia kitu. Alitupa kikapu. Aliteremka akikata mistari ya chai, matawi yakimrarua aproni na mapaja, akavuka mto na viatu vyake.

Magogo yalikuwa mawili. La kwanza liliachiwa kwa makusudi. Likagonga la pili lililokuwa limeegemea kisiki nusu ya mteremko, likaling'oa, na yote mawili yakaja pamoja. Nassoro alilisikia la kwanza akalikwepa vizuri kabisa, hatua mbili kushoto, na huko kushoto ndiko lilikokuwa la pili.

Dorothea alipofika, vijana wa kuni walikuwa wameshaliondoa. Nassoro alikuwa amelala chali juu ya maganda, kifua kimebonyea upande mmoja, damu kidogo tu mdomoni. Alikuwa na fahamu. Dorothea alipiga magoti akamwinua kichwa.

"Nani huyu?"

"Mimi. Dorothea."

"Yalikuwa mangapi?"

"Mawili."

"Nilisikia moja," alisema Nassoro, na alisema kama mtu anayetaka mambo yawekwe sawa.

Wakamlaza kwenye tela la trekta juu ya magunia ya majani mabichi. Dorothea akapanda naye, na Rahma wakamchukulia njiani, bila kilemba, mtoto mgongoni. Barabara ya kuteremka ina kona nyingi na mvua ya juzi ilikuwa imeichimba. Rahma alimshika mkono akimsomea dua sikioni. Kabla hawajafika kwenye lami aliacha kusoma, akamfumba macho kwa kiganja, akamwambia dereva hakuna haja ya kukimbia tena.

Walimzika kesho yake alasiri katika makaburi ya shamba, kwa sababu Kondoa ni mbali. Timu ilikuja na jezi. Kristian alikuwa wa kwanza kushika jembe na hakumpokeza mtu. Meneja alituma sanda na mchele, akaja mwenyewe, akasimama na kofia mkononi mpaka mwisho. Watu walilia kweli. Baadaye, wakati wanaume wanaosha mikono, Dorothea aliwasikia wakijadiliana kama ni heshima zaidi kwa marehemu fainali iahirishwe au ichezwe.

Ilichezwa. Jumamosi ile Dorothea hakwenda uwanjani, mara ya kwanza tangu Beatha alipoolewa. Alikwenda nyumba ya pili kumsaidia Rahma kufunga vyombo. Eda yake ilikuwa haijafika hata wiki mbili, lakini nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi haikuwa na mtu. Shemeji yake alikuwa ameshatoka Kondoa kuja kuwachukua. Paa lilikuwa bado halijaezekwa. Wangekaa kwa bibi wa watoto.

Walikunja nguo za Nassoro. Kelele za uwanjani zilifika kwa vipindi, zikapanda, zikashuka. Dorothea alikuwa ameshika shati la ulinzi, lenye jina la shamba mgongoni, alipoona kwamba hawezi kuendelea.

"Rahma," alisema. "Ni mimi niliyesema."

"Najua. Aliniambia siku ileile." Rahma hakuinua uso. Alilichukua shati mikononi mwake, akalikunja, akaliweka pembeni na vitu vya kurudisha ofisini. "Alisema nisikuchukie. Alisema ulikuwa unamtetea, ukateleza. Na mimi namwamini, Mama Beatha, hakuwa mtu wa kusema uongo. Yeye alikusamehe. Mimi nimejaribu, sijaweza."

Dorothea aliketi sakafuni.

"Siku ya kuondoka usije kutusindikiza," Rahma aliendelea, kwa sauti ileile ya chini. "Watoto wamekuzoea, watalia, na mimi nitashindwa kuwanyamazisha nikikuona. Nakuomba hilo tu."

Wakamaliza kukunja. Huko uwanjani Chipukizi ilifungwa bao moja, dakika za mwisho, kwa kosa la beki.

Jumanne gari lilipokuja, Dorothea alikuwa mstarini juu kabisa ya kilima. Aliona turubai la bluu likiteremka kati ya mikarafuu, likapotea kwenye kona, likatokea tena chini likiwa dogo. Karani alimwita mara mbili asogee, amebaki nyuma ya wenzake. Akasogea.

Wiki iliyofuata Elinuru alipewa geti, lililokuwa likilindwa kwa zamu, pamoja na nyumba yake. Alikuwa kipa wa kwanza, na ndivyo ilivyokuwa Kwelusanga. Alikuja peke yake alasiri moja, godoro kichwani na ndoo mkononi, akasimama mbele ya mlango wa ile nyumba kwa muda mrefu bila kuugusa. Dorothea alikuwa amekaa nje anachambua mchicha. Kijana alimwona, akashusha macho, akamwambia kwa Kishambaa kwamba hakuiomba, wamempa tu, na kama yeye akiona si vizuri atairudisha.

Dorothea alimtazama. Akamwambia aingie, mvua inakuja.